Sahani Zinazorudi

"Mlo wa kesho unaupangaje?" mshauri aliuliza, kalamu mkononi.

Geumrye alikuwa akikata matango. Hakuinua macho. "Naona tu."

"Unaona nini?"

"Naona, bwana. Ikifika saa tisa alasiri nakuwa nimeshajua cha kupika kesho."

Bwana Maeng akaandika maneno mawili kwenye fomu yake. Seryeong, aliyekuwa akifuta meza ya jirani, alinyoosha shingo akayasoma kwa pembeni: Hakuna mpango. Akahisi uso unawaka. Huyo aliyekuwa akikata matango ni mama yake, na yeye ndiye aliyejaza maombi ya kuletewa mshauri. Tena ni yeye mwenye shahada ya usimamizi wa biashara, iliyotundikwa juu ya jokofu, ambako mvuke wa supu ulikuwa umeanza kuikunja pembe.

Hawakuwa na hiari. Soko la vitambaa la Gwangnam lilikuwa linahamia jengo jipya ng'ambo ya uchochoro, na wauza vitambaa wote walikuwa wamekwisha pewa vyumba vyao huko. Shida ilikuwa majiko ya wauza chakula. Chini ya soko kuukuu yalikuwa tisa. Jengo jipya lilijengewa sita. Manispaa ikatoa sharti: kila jiko lifanye kazi mwezi mzima na mshauri, lijaribu mpango mpya, kisha likautetee mbele ya waamuzi watano mwishoni mwa Julai. Majiko matatu yatakayoshindwa yafunganye sufuria zake. Jiko la Uiseong, kama Geumrye alivyoliita kwa jina la wilaya aliyozaliwa, lilikuwa na miaka kumi na tisa, na ndilo lililowalisha watu watatu: yeye, mumewe Byeongdu, na binti yao huyo.

"Basi nielezeni kazi inavyokwenda," Bwana Maeng alisema. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, shati limemlowa mgongoni kwa joto.

Byeongdu ndiye aliyejibu, maana mkewe akishika kisu hakupenda maneno. Alieleza kwamba kuanzia saa tano Mama Seryeong anapanga milo kwenye sinia, sinia tatu moja juu ya nyingine, anafunika gazeti, anaweka ngata kichwani na kupanda ngazi. Muuza vitambaa hawezi kufunga duka akale. Anakula pale pale juu ya meza ya kukatia, mteja akiingia anafuta mdomo. Milo sitini na miwili kwa siku, won elfu nane kila mmoja: wali, supu, na visahani vitano vya mboga na samaki.

"Saa moja baadaye mimi napita na kreti nakusanya vyombo," alimalizia, kwa fahari kidogo. "Narudi, tunamwaga mabaki, tunaosha."

"Inachukua muda gani?"

"Saa mbili na nusu. Siku ya mvua, tatu."

Mshauri akapiga mstari chini ya jibu hilo, mara mbili. "Mzee, hapa ndipo jasho lenu linapopotelea."

*

Haikuwa haki kusema kwamba Bwana Maeng hakujua kazi yake. Siku ya tatu alikaa na mizani ndogo akapima kila kisahani, akawaonyesha kwamba yai la mvuke, ambalo Geumrye alilitoa kila siku kwa miaka yote hiyo, lilikuwa linakula faida ya supu na ya samaki kwa pamoja. Geumrye alibishana naye nusu saa, kisha akasema, "Yai liwe Jumatano tu." Seryeong aliona mama yake akimtazama mgeni kwa jicho jipya, akafurahi mpaka akajificha nyuma ya mlango wa jokofu.

Halafu likaja dodoso. Bwana Maeng alisema mpango lazima uanze kwa mteja. Alichapisha karatasi arobaini zenye majina ya vyakula na duara tano mbele ya kila jina, Seryeong akazipitisha duka kwa duka, akazirudisha zimejaa. Karibu kila mtu alikuwa ametia wino duara nne au zote tano. Majani makavu ya figili, yaliyopikwa na maharage ya kuvundika, ndiyo yaliyoongoza. Wengi waliongeza kwa mkono: Tunakula vizuri sana, asante kwa taabu yako.

"Unaona, Mama?" Seryeong alisema. "Majani ya figili, ya kwanza."

"Hayo ni ya kwetu," Geumrye alisema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akatabasamu. Hakufikiri, wala binti yake hakufikiri, kwamba soko zima lilijua hayo ni ya kwao Uiseong, na kwamba hakuna mtu pale ambaye angetia duara mbili mbele ya chakula cha mwanamke anayempandia ghorofa nne na sinia kichwani. Kijiko kikiwekwa chini mtu husema "Nimekula vizuri." Husema hivyo hata kama amekula vijiko vitatu.

Kwa hiyo mpango ukaandikwa. Majani ya figili mara nne kwa wiki. Vyombo vya kutupa, vya plastiki, vyenye vifuniko. Hakuna kukusanya, hakuna kuosha. Saa mbili na nusu zilizookolewa zitumike kupika milo ishirini zaidi. Seryeong aliuchora kwa rangi, mistari yote ikipanda kulia.

Julai ilianza kwa joto lile la jiji la Daegu linalolainisha lami.

*

Wiki ya kwanza milo ilikuwa hamsini na mitano. Ya pili, arobaini na minane. Ya tatu, arobaini na mmoja.

"Ni joto," Byeongdu alisema.

"Joto lipo kila mwaka," Geumrye alimjibu.

Alikuwa amekuwa mkali. Saa tisa ilipofika alikuwa akisimama katikati ya jiko, mikono kiunoni, akitazama beseni la kuoshea vyombo likiwa kavu. Kesho nipike nini? Alifungua jokofu, akalifunga. Alimuuliza Seryeong, Seryeong akasoma kwenye ratiba, "Majani ya figili," naye akapika majani ya figili.

Byeongdu ndiye aliyeteseka zaidi, ingawa hakuna aliyemuuliza. Aliendesha lori miaka ishirini na mitano mpaka mgongo ukakataa, na kreti ile ya vyombo ndiyo iliyokuwa imembakizia kazi. Sasa alikaa mlangoni akikunja aproni ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Baba Seryeong," mwenye jiko la tambi la jirani alimtania, "plastiki imekustaafisha hata keki hujakatiwa?"

"Inakuja," alisema. "Wanasubiri nipungue uzito."

Siku iliyofuata, saa nane mchana, hakuwepo mlangoni. Alikuwa amepanda ghorofa ya tatu, kule nyuma ya ngazi kwenye mapipa. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kuona vyombo, kama mtu anavyopita mtaa aliowahi kuishi. Alifunua pipa la plastiki, akatoa kasha moja lenye kibandiko cha Jiko la Uiseong, akalifungua. Akatoa la pili. Akachuchumaa, kwa taabu, akaanza kuyapanga sakafuni.

"We mzee," mwanamke wa usafi alimkemea kutoka nyuma, "hapa hapatafutwi chakula. Nenda kanisani, wanagawa saa kumi."

"Sitafuti chakula. Ni cha kwetu hiki."

"Wote wanasema hivyo."

Kelele zilimtoa Bwana Bong, muuza hariri, ambaye Byeongdu alimjua tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi. Bwana Bong alimwona mzee mwenzake amechuchumaa katikati ya makasha, supu imemtiririkia kwenye mkono wa shati. Hakuuliza. Aliona aibu kwa niaba yake, na kwa sababu ya aibu hiyo alifanya haraka: alichomoa noti ya won elfu tano akamtia kwenye mfuko wa shati, akipapasa kidogo. "Kapate tambi, ndugu. Mambo hupita." Akarudi dukani kabla hajajibiwa.

Byeongdu alibaki na ile noti kifuani. Kisha akayakusanya makasha kumi na manne ndani ya mfuko wa taka na kuteremka nayo, ngazi baada ya ngazi, mbele ya watu wote.

*

Geumrye alipoyaona alitaka kumfokea, kisha akaona uso wake. Akaosha mikono. Akayapanga makasha mezani, safu mbili, akayafungua vifuniko moja baada ya jingine.

Seryeong alikuja akasimama karibu.

"Hawa hawajagusa majani ya figili," mama yake alisema. "Kumi na mmoja kati ya kumi na wanne. Ona. Wamekunywa maji ya supu, wameacha vya ndani. Wali nusu. Figili mbichi ya siki imekwisha, hata majimaji yake. Kinywa kimekauka kwa joto, kinataka uchachu na baridi. Na huyu..." alisogeza kasha moja, "huyu ni Mama wa zipu wa ghorofa ya tatu, yeye hukunja kitambaa cha karatasi namna hii. Ametafuna upande mmoja. Jino limerudi kumuuma. Huyu apikiwe laini."

"Mama," Seryeong alisema polepole, "hivyo ndivyo unavyojua? Saa tisa?"

"Kujua nini?"

"Cha kupika kesho. Ni sahani. Baba akirudisha sahani."

Geumrye alimtazama kama mtu aliyeulizwa anatumia mguu gani kutembea. Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama juu ya beseni lile akimwaga mabaki, na hakuwahi kufikiri kwamba anafanya jambo lenye jina.

"Nilimwambia yule bwana," alisema mwishowe. "Nilimwambia naona."

Seryeong alikuwa analia, bila sauti, kwa sababu alikuwa amesoma miaka minne jinsi ya kumsikiliza mteja, na alikuwa amemziba mama yake masikio kwa plastiki. Baba yake alitoa ile noti mfukoni na kumwekea mezani.

"Usilie. Tumelipwa," alisema. "Elfu tano kwa makasha kumi na manne. Bwana Bong ana mkono wazi."

Ndipo wote watatu wakacheka, vibaya, mpaka mwenye jiko la tambi akachungulia.

*

Zilikuwa zimebaki siku sita waitwe mbele ya waamuzi. Walirudisha sahani siku iliyofuata. Byeongdu alipanda na kreti yake saa saba, na kwanza kabisa akaingia duka la hariri akamwekea Bwana Bong noti yake juu ya meza, bila maelezo. Jioni mchuzi baridi wa matango uliingia kwenye mlo wa kesho yake. Milo ikafika arobaini na sita, hamsini na mmoja.

Ukumbi wa manispaa ulikuwa na baridi ya mashine hadi Geumrye alijuta kuacha sweta. Kila jiko lilipewa dakika tano. Seryeong alionyesha michoro yake, naye alikuwa ameongeza mchoro mmoja ambao mstari wake ulishuka. Mwamuzi mmoja, mwanamume mnene mwenye tai, aliushika huo huo.

"Mmejaribu mpango wa mshauri mkapoteza theluthi ya wateja. Sababu?"

Geumrye alisimama kabla binti yake hajajibu. "Tuliacha kuona mabaki."

"Samahani?"

"Mabaki ya chakula. Mtu akiniambia nimekula vizuri, hajaniambia kitu. Sahani ndiyo inaniambia. Ile ya kutupa inaenda pipani, mimi nabaki kipofu."

Mnene alitabasamu kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Mama, tunaheshimu uzoefu wako. Lakini kutazama mabaki, tunaweza kuita njia ya usimamizi?"

"Wewe nyumbani nani anakupikia?"

"Mke wangu."

"Ukibakisha samaki, anakupa dodoso?"

Mwamuzi wa mwisho kulia alikohoa akificha kicheko. Mnene aliwekea karatasi zake mkono. "Hapana," alisema. "Anaona."

"Haya. Muulize yeye tuiteje."

Mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani ya kamba, hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu. Kengele ya dakika tano ikalia.

*

Jiko la Uiseong lilishika nafasi ya sita. Lilipita.

Bwana Maeng alileta mkataba mwenyewe, mbio, jasho likimtoka, akaungana nao kushangilia kwa dakika moja. Kisha akafungua ukurasa wa tatu na sauti ikampungua. Jengo jipya halikujengewa sehemu ya kuoshea vyombo. Mabomba yake hayabebi mafuta. Kila jiko litie saini kutumia vyombo vya kutupa tu, na kupandisha milo kwa lifti ya mizigo. Miaka miwili, halafu patazungumzwa.

"Saini," Byeongdu alisema. "Saini, mke wangu, halafu tutaona."

"Tutaona kwa kipi, Baba Seryeong? Hicho ndicho wanachokichukua."

"Wanachukua sahani. Wanatupa jiko. Umri huu tutaanzia wapi?" Aligusa mfuko wa shati lake. "Umesahau watu wananitilia noti mfukoni?"

"Sijasahau. Ulitiliwa siku ambayo huna kreti. Ndiyo maana siweki saini."

Bwana Maeng alikuwa akitazama beseni, ambamo sahani za mchana zilikuwa zimelala kwenye povu. "Ungenieleza siku ile ya kwanza," alisema. "Ulinijibu naona tu. Ningejuaje?"

"Na mimi ningejuaje kwamba hujui?" Geumrye alisema, bila hasira. "Wewe ulipima yai langu, ukanionyesha nisichokiona. Nimekushukuru. Hiki nilikiona mimi."

Seryeong alisukuma karatasi moja katikati ya meza, mistari michache tu, bila rangi. Alikuwa ameiandika usiku wa kabla ya matokeo, endapo wangekosa. Karakana ya cherehani mlangoni mwa uchochoro, nje ya soko, ilikuwa tupu. Ina bomba nene na mtaro. Amana milioni kumi: lori la baba, lililolala uani miaka mitatu, lina mnunuzi. Milo arobaini na mitano kwa siku inalipa kodi na chakula chetu. Chini ya hapo kwa wiki tatu, tunafunga. Mboga zinunuliwe baada ya saa tisa, si kabla. Yai Jumatano tu.

Byeongdu aliisoma mara mbili. Alikaa muda mrefu kwenye neno lori.

"Nani kakwambia lina mnunuzi?"

"Nimempigia simu, Baba. Nisamehe."

"Anatoa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mwizi," Byeongdu alisema. "Mwambie kumi na mbili, matairi mawili ni mapya."

Geumrye aliufunga mkataba na kumrudishia Bwana Maeng kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni kikombe. "Nafasi yetu mpe yule wa tambi. Alikuwa wa saba, na ana watoto wanasoma." Akageukia povu. Mshauri alisimama akashikilia karatasi zake, kisha akaziweka juu ya jokofu, akakunja mikono ya shati, akaanza kusuuza. Alikuwa hajui kusuuza. Hakuna aliyemfukuza.

*

Jengo jipya lilifunguliwa mwisho wa Agosti, saa tano kamili. Utepe ulivutwa kutoka nguzo hadi nguzo mbele ya ngazi kuu, na watu kumi na mmoja wa heshima walijipanga nyuma yake, glavu nyeupe mikononi, mkasi kwa kila mmoja. Hotuba ya kwanza ilikuwa imeanza.

Geumrye alitokea kwenye ile karakana ya uchochoroni na sinia tatu kichwani. Nyuma yake alikuja Seryeong na mbili mikononi, shingo ikiwa bado haijajua kubeba.

Ofisa kijana alimkimbilia akiwa amenyanyua mikono. "Mama, zunguka mlango wa nyuma."

"Mlango wa nyuma una lifti tu. Lifti mmeandika chakula cha nje marufuku."

"Basi subiri. Dakika ishirini."

"Ni mchuzi wa matango, una barafu. Barafu haisikilizi hotuba." Hakupandisha sauti, lakini msemaji alikuwa amenyamaza, na kipaza sauti kilichukua kila neno. Kwenye madirisha ya ghorofa ya pili na ya tatu wauza vitambaa walianza kutokeza vichwa. Kulikuwa na milo arobaini na saba ya kupanda siku hiyo, na hii ndiyo ya kwanza.

"Basi... inama upite chini ya utepe," ofisa alinong'ona. "Haraka."

Geumrye alimtazama. Jasho lilikuwa linamteremka kwenye shavu na hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Mwanangu, mimi siwezi kuinama," alisema. "Uinueni nyinyi."

Kisha mwanamke mwenye miwani ya kamba, katikati ya safu, akahamishia mkasi mkono wa kushoto, akaushika utepe kwa glavu yake nyeupe na kuupandisha juu ya kichwa chake. Wa pembeni yake akafanya hivyo. Na wa pembeni yake. Mnene mwenye tai alikuwa mfupi, akalazimika kusimama kwa ncha za viatu.

Geumrye akapita katikati yao shingo wima, binti yake nyuma, akaanza kupanda.